Pochi Isiyo na Fedha Ndani: Matatizo ya Watumiaji wa Pochi za Sarafu za Kidijitali, 2011 hadi 2022

Katika Kiganda, lugha ya mama yangu, fedha huitwa ensimbi. Asili ya neno hilo ni kauri, yale makombe madogo ya baharini ambayo mababu zetu walinunulia vitu sokoni kabla ya rupia na shilingi kuingia Uganda. Kauri ilikuwa na sifa moja: aliyeishika mkononi ndiye mwenye nayo. Ikipotea imepotea, lakini maadamu uko nayo hakuna wa kukuambia usubiri.

Nimeanza na kauri kwa sababu insha hii inahusu pochi za mtandaoni zinazotunza Bitcoin na sarafu nyingine za kidijitali. Nionavyo mimi, malalamiko mengi ya watumiaji wake yanatokana na jambo moja: mtumiaji aliamini kwamba ameshika kitu, kumbe aliyekishika ni mtu mwingine.

Jina lenyewe linapotosha. Ndani ya pochi hii hamna sarafu hata moja. Hesabu ya nani ana kiasi gani imeandikwa kwenye daftari la wazi ambalo nakala zake ziko katika maelfu ya kompyuta duniani. Kinachokaa kwenye pochi ni ufunguo wa siri, yaani namba ndefu sana inayomwezesha mtu kuhamisha sarafu zilizoandikwa chini ya anwani yake. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo haijulikani ni nani hasa, alipotoa andiko lake tarehe 31 Oktoba 2008, alitaka watu walipane moja kwa moja bila kupitia benki. Hata hivyo, programu ya kwanza haikuwa rahisi kwa mtu wa kawaida. Ilibidi upakue daftari zima kwenye kompyuta yako na utunze faili la funguo zako. Kompyuta ikiungua bila nakala, mali imekwenda. Ndiyo maana watu walizipenda tovuti zilizosema: jiandikishe hapa, ufunguo tutakutunzia sisi. Benki ilitolewa kwa mlango wa mbele, ikarudi kwa mlango wa nyuma bila sheria za benki.

Mfano wa mapema ni tovuti ya MyBitcoin. Ilikuwa miongoni mwa pochi za mtandaoni zilizotumiwa sana mwanzoni, na mwendeshaji wake alijulikana kwa jina la Tom Williams tu. Mwishoni mwa Julai 2011 tovuti ilizimika ghafla. Iliporudi mwezi Agosti, wateja waliambiwa kwamba imeibiwa na kwamba watarudishiwa asilimia 49 ya walichoweka. Je, iliibiwa kweli, au mwenye duka ndiye aliyebeba? Wateja hawakuwa na mahali pa kuuliza, kwa sababu hawakujua wanamdai nani.

Instawallet ilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Haikuwa na nywila kabisa. Ukifungua pochi ulipewa anwani ndefu ya ukurasa, na anwani hiyo ndiyo ilikuwa siri yako. Yeyote aliyeipata aliweza kuchukua kila kitu. Wengi waliipenda kwa wepesi wake. Ilisimamisha huduma Aprili 2013 baada ya kuingiliwa na wadukuzi.

Lakini kisa kinachostahili kukaliwa ni cha Mt. Gox ya Tokyo. Hili lilikuwa soko la kubadilishia Bitcoin lililoanzishwa na Jed McCaleb mwaka 2010, na Machi 2011 likauzwa kwa Mark Karpelès, Mfaransa aliyeishi Japani. Kwa kuwa kubadilisha sarafu kulihitaji uziweke kwao kwanza, wateja wengi waliziacha hukohuko, na soko likawa pochi yao. Dalili za ugonjwa zilionekana mapema. Juni 2011 mdukuzi aliingia na bei ndani ya soko hilo ikaporomoka hadi karibu senti moja ya dola. Mwaka 2013 wateja waliotaka kutoa dola walisubiri wiki nyingi, wengine miezi. Tarehe 7 Februari 2014 soko lilifunga pia utoaji wa Bitcoin, likieleza kwamba kuna hitilafu ya kiufundi. Mteja mmoja alisafiri kutoka London akasimama kwenye baridi nje ya ofisi za Tokyo, mkononi ana bango linalouliza fedha zetu ziko wapi. Tarehe 28 mwezi huohuo kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi. Bitcoin zilizokosekana zilikuwa kama 850,000, na kati yake takriban 750,000 zilikuwa za wateja. Wiki chache baadaye zikapatikana 200,000 katika pochi ya zamani iliyosahaulika, jambo linaloonyesha jinsi hesabu zilivyotunzwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sarafu zilikuwa zikivuja tangu 2011.

Maana yake ni nini kwa mtumiaji? Kwa miaka kama miwili na zaidi, mtu alifungua akaunti yake kila asubuhi akasoma salio ambalo kwa sehemu kubwa halikuwepo. Tarakimu kwenye kioo zilikuwa ahadi. Na mufilisi alipokuja, madai yalikadiriwa kwa bei ya 2014, takriban dola 483 kwa Bitcoin moja, ingawa baadaye bei ilipanda mara nyingi zaidi. Ilibidi wadai wapiganie utaratibu mwingine wa kisheria, ulioanza Juni 2018, ndipo walipwe kwa sarafu zenyewe.

Wapo waliosema kuanzia hapo: basi kila mtu atunze ufunguo wake. Pochi za aina hiyo zilikuwepo tayari. Blockchain.info, iliyoanza 2011, iliufunga ufunguo kwa nywila ya mtumiaji ndani ya kompyuta yake mwenyewe, hivyo kampuni haikuweza kuuona. Kwa hiyo pia haikuweza kumsaidia aliyesahau nywila. Mwaka 2013 ukaja mpango wa kuandika ufunguo kwa maneno ya kawaida, 12 hadi 24, kutoka katika orodha ya maneno 2,048. Ukiyaandika kwenye karatasi kwa mpangilio, unaweza kuirudisha pochi yako kwenye simu yoyote.

Hapa nina ushahidi wa nyumbani. Binamu yangu aliyapiga picha maneno yake 12 akaiacha picha kwenye simu, na simu ikanyakuliwa karibu na kituo cha teksi mjini Kampala. Laini yake aliirudisha siku ileile kwa kitambulisho cha taifa na barua ya polisi, na fedha zake za simu alizikuta zote. Kwa upande wa pochi, aliandika barua pepe akajibiwa kwa Kiingereza kwamba kampuni haina ufunguo wake na haiwezi kufanya lolote. Siku ya tatu salio lilikuwa sifuri. Aliniuliza, "Dada, wewe unasoma historia ya mambo haya. Kwa nini hii ya shilingi inarudi na hii hairudi?" Nilimjibu kwamba ya shilingi ina mtu wa kati, mwenye daftari lake na sheria zinazombana. Jibu halikumfurahisha, na sioni kwa nini limfurahishe.

Tena kuna suala la lugha, ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kulipita. Orodha za yale maneno zimetungwa kwa Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitalia, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo katika orodha rasmi. Mama wa soko la Owino anayetaka kuwa benki yake mwenyewe atatakiwa kunakili maneno 12 ya kigeni bila kukosea herufi, ayafiche miaka mingi, na amwonyeshe mrithi wake mahali yalipo. Wanaosema kwamba watumiaji wanapoteza sarafu kwa uzembe hawajafikiria kazi hiyo vizuri.

Mzigo huo ndio uliowarudisha watu wengi kwenye kampuni kubwa. FTX ilianzishwa 2019, ikawa na programu nzuri ya simu na matangazo kila mahali, na mamilioni ya wateja wakaacha sarafu zao humo. Mwanzoni mwa Novemba 2022 wateja walibonyeza kitufe cha kutoa na hakikufanya kazi. Kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi nchini Marekani tarehe 11. Siku hiyo wadai wa Mt. Gox walikuwa hawajarudishiwa hata Bitcoin moja. Zao zilianza kurudi Julai 2024.