Kutoka Zumari Hadi Pedali: Kugeuza Sauti ya Ala Pemba na Pwani

Pemba ilijua kugeuza sauti ya ala kabla ya kujua umeme. Mpiga ngoma hakuichukua ngoma yake ilivyo. Aliwasha makuti makavu, akaisogeza ngozi karibu na moto, akaigonga kwa vidole na kusikiliza, kisha akairudisha motoni mpaka ikakaza na sauti ikafunguka. Usiku ukiingia na ngozi ikinyonya unyevu, sauti ilifumba tena, na ngoma ikarudi kwenye moto. Kazi hiyo ina mambo mawili: sauti inayofumba na kufunguka, na nguvu inayoifanya iwe hivyo. Kwa ngoma nguvu ni moto, kwa zumari ni pumzi. Kwa gitaa la umeme ni mkondo ambao mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, ulichelewa kuupata kwa uhakika.

Chake Chake imekaa juu ya kilima, mwisho wa hori linaloingia kutoka upande wa magharibi wa kisiwa, na ngome yake ya kale ikilitazama. Utajiri wa eneo hilo ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar. Mavuno yakienda vizuri, harusi ziliongezeka, na harusi ndizo zilizowaita wapigaji. Kisiwa kina ngoma zake: msewe, iliyopewa jina la njuga wanazofunga wachezaji miguuni, na kibati, ambayo ni majibizano ya maneno ya haraka. Upo pia mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huunasibisha na Wareno waliotawala pwani katika karne ya 16 na 17. Katika mchezo huo ng'ombe huchochewa kwa ngoma na zumari.

Zumari inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo ala ya pwani iliyo karibu zaidi na kile ambacho pedali ya umeme ilikuja kukifanya. Mpigaji huweka ulimi wa ala ndani ya kinywa, hujaza mashavu hewa, na huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, ili sauti isikatike. Akipuliza kwa nguvu, sauti hupanda ukali na kung'aa. Akilegeza, huwa nzito na ya ndani. Hakuna swichi wala kirungu cha kuzungusha. Rangi ya sauti hufuata nguvu ya mpigaji papo hapo, jinsi uso wa mtu unavyofuata furaha au hasira yake.

Taarabu ilileta ustadi wa aina nyingine. Masimulizi ya Zanzibar yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, na Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizosambaa pwani nzima. Katika udi, fidla na kanuni, hisia zilikaa katika namna ya kuugusa uzi: kuukwanyua karibu na daraja au katikati, kuuteleza, kuutetemesha. Redio ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1951, iliupeleka ustadi huo hadi kwenye nyumba zisizo na umeme, kwa kuwa redio ya betri haikusubiri nguzo wala waya wa serikali.

Gitaa la umeme liliingia katika taarabu kupitia ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari. Tanga, inayotazamana na Pemba, ilikuwa tayari na bendi za dansi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Katika miaka ya 1960 kikundi cha Black Star cha mji huo kiliweka gitaa na besi la umeme mahali ambapo vikundi vya Unguja viliweka safu ya fidla. Matokeo yake yalikuwa taarabu nyepesi, yenye mdundo wa kuchezeka, iliyosikika kote pwani hadi Mombasa. Sauti ya magitaa hayo ilikuwa safi, bila kuongezwa kitu isipokuwa pengine mwangwi kidogo. Uzuri ulitoka vidoleni, na hilo halikuwa upungufu hata kidogo.

Wakati huohuo, mbali na pwani hii, mafundi walikuwa wakitafuta njia ya kulipa gitaa kinywa. Mwaka 1966 Brad Plunkett, fundi wa kampuni ya Thomas Organ huko California, alikuwa akitafuta namna rahisi ya kubadilisha swichi ya amplifaya, akakuta kwamba kuzungusha kirungu kimoja kunaifanya sauti iseme "wa". Kirungu hicho kikafungwa chini ya kanyagio, na pedali ya wawa ikazaliwa. Hatua iliyofuata ilikuwa ya Mike Beigel, aliyekuwa akibuni sinthesaiza kwa ajili ya kampuni ya magitaa ya Guild. Mradi huo ulipokufa, yeye na Aaron Newman walichukua kipande kimoja cha sinthesaiza, yaani kichujio chake, wakakiweka ndani ya kisanduku. Kampuni yao, Musitronics, ilikitoa mwaka 1972 kwa jina la Mu-Tron III. Mwaka uliofuata Stevie Wonder alikitumia kwenye kinanda cha klavineti katika wimbo "Higher Ground", na dunia ikaisikia ala ikitafuna maneno bila mguu kukanyaga kitu.

Kisanduku hicho ndicho filta ya envelopu, na utendaji wake si mgumu kuelewa. Sauti ya gitaa ikiingia hugawanyika njia mbili. Njia ya kwanza hupita ndani ya kichujio, ambacho huruhusu sehemu fulani ya sauti na kuzuia nyingine, jinsi chujio la tui linavyoachia maji na kubakisha machicha. Njia ya pili haisikiki kamwe. Kazi yake ni kupima. Hupima kila mpigo umekuja kwa nguvu kiasi gani, na hufuata jinsi nguvu hiyo inavyopanda ghafla na kushuka polepole. Umbo la kupanda na kushuka ndilo linaloitwa envelopu. Kipimo hicho hugeuzwa kuwa volti, na volti hukifungua kichujio. Katika Mu-Tron kazi ya kufungua ilifanywa na taa ndogo iliyofungiwa gizani pamoja na kizuizi kinachohisi mwanga: mpigo ukiwa mkali taa huwaka sana, kichujio hufunguka; uzi ukififia, taa nayo hufifia, sauti hufumba. Kwa mara ya kwanza gitaa la umeme lilikuwa na tabia ya zumari, kwa maana rangi ya sauti ilifuata nguvu ya mtu.

Tanzania haikukipokea kifaa hicho mara moja, na sababu hazikuwa za muziki peke yake. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni, na muziki wa fanki uliokibeba kichujio ulitoka katika ukoo uleule. Zanzibar nayo ilikuwa na masharti makali ya kuagiza bidhaa kutoka nje, yaliyolegezwa katikati ya miaka ya 1980 tu. Milango ilipofunguka, kilichoingia kwa wingi ni kinanda cha umeme. Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, ile ya rusha roho, iliwaweka wapiga kinanda mahali pa fidla na kodiani, na gitaa likabaki msaidizi. Kwa hiyo pwani iliruka hatua moja: ilitoka kwenye gitaa safi ikaenda moja kwa moja kwenye sauti zilizotengenezwa tayari kiwandani.

Kwa Pemba lilikuwapo pia suala la umeme wenyewe. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme, na Unguja iliunganishwa na Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Pemba ilibaki na jenereta za dizeli, kituo chake kikiwa Wesha, karibu na Chake Chake. Ilipofika mwaka 2010, waya wa msaada wa Norway ulilazwa baharini kutoka Tanga, wenye urefu wa takriban kilomita 78 na uwezo wa megawati 20. Mwaka huohuo Unguja ilikuwa imetoka kwenye giza la miezi mitatu baada ya waya wake wa zamani kuharibika. Umeme wa Pemba ulivuka mkondo uleule uliovukwa kabla na gitaa la Black Star.

Historia hiyo ndiyo inayofaa kumwongoza mpiga gitaa wa Chake Chake anayechagua filta ya envelopu leo. Pedali ya analogi inamfaa kuliko ya dijitali kwa sababu mbili zilizo wazi. Hula umeme kidogo: nyingi hutosheka na miliampea chache hadi makumi machache, kwa hiyo betri ya volti 9 huweza kuimaliza shughuli hata umeme ukikatika, wakati ya dijitali mara nyingi hudai mamia. Mu-Tron yenyewe ilitumia betri mbili. Sababu ya pili ni matengenezo. Ndani ya pedali ya analogi ya mtindo wa zamani mna vizuizi, kapasita na chipu za kawaida ambazo fundi redio anaweza kuzitambua na kuzichomelea. Hewa ya chumvi hushambulia zaidi matundu ya waya na swichi, na hizo hubadilishwa kwa fedha ndogo. Adapta nayo ichunguzwe volti na upande wa hasi na chanya kabla ya kuchomekwa, kwa kuwa kosa moja huweza kuiunguza pedali.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko jina lililoandikwa juu yake. Filta ya envelopu yapasa kuwa ya kwanza baada ya gitaa. Ikitanguliwa na kompresa, mipigo yote hufika ikiwa na nguvu sawa na kichujio hakina tena cha kufuata. Kirungu cha unyeti ndicho cha kujaribiwa kwanza dukani: kipigwe uzi kwa upole, kisha kwa nguvu, na tofauti isikike wazi. Gitaa lenye pikapu dhaifu linahitaji pedali yenye nafasi kubwa ya kuongeza unyeti. Kwa besi hufaa kichujio kinachobakisha sauti nzito. Kwa gitaa la solo hufaa kile kinachopitisha sehemu ya kati, ambako sauti ya binadamu nayo hukaa.

Kwa mpigaji wa taarabu lipo jambo moja zaidi. Kinanda cha kawaida kina sauti 12 zilizofungwa, na maqamu, yaani ngazi za sauti za taarabu, yenye robo sauti hupotea ndani yake kisipopangwa upya. Kichujio hakigusi kimo cha sauti. Hugusa rangi tu. Mpigaji anayeuvuta uzi kuitafuta robo sauti aliyoisikia kwenye udi ataikuta bado ipo. Kwa nyimbo za mwendo wa polepole, kichujio kipangwe kifunge taratibu, envelopu ikae muda mrefu kama uzi unavyolia. Kwa chakacha, ngoma ya pwani yenye mdundo wa haraka, kifunge upesi kabla mpigo wa pili haujaingia.