Jalada la Kiongozi wa Mashtaka

Zamani, mshtakiwa katika mahakama ya hakimu nchini Kenya aliweza kupanda kizimbani akiwa na karatasi moja tu: hati ya mashtaka. Maelezo ambayo mashahidi waliandikisha polisi yalibaki katika jalada la kiongozi wa mashtaka, na mshtakiwa akayasikia mara ya kwanza shahidi alipokwisha kula kiapo. Wakili mzoefu aliweza kubahatisha yatakayosemwa. Asiye na wakili aliuliza maswali kwa kupapasa.

Wenye kesi za mauaji walikuwa na nafuu kidogo, kwani hakimu aliupitia ushahidi kabla ya kuwapeleka Mahakama Kuu. Mwaka 2003 Bunge likaufuta utaratibu huo.

Mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua kesi ya Juma na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kifungu cha 77 cha katiba ya zamani kilimwahidi mshtakiwa muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi. Je, maelezo ya mashahidi ni miongoni mwa nyenzo hizo? Majaji wakajibu kwamba ndiyo, na lazima ayapate kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Kisha ikaja kesi ya Thomas Cholmondeley, mzao wa ukoo wa walowezi wa Delamere, aliyeshtakiwa kumuua fundi mawe katika shamba la Soysambu, Mei 2006. Wakenya wengi walikwisha kukasirika: mwaka mmoja kabla, Mwanasheria Mkuu Amos Wako alikuwa ameiondoa kesi yake nyingine, ya kifo cha askari wa wanyamapori. Safari hii jaji aliamuru upande wa utetezi nao uwape waendesha mashtaka maelezo ya mashahidi wake. Haki sawa kwa pande zote, mtu angesema.

Mahakama ya Rufani ilikataa mwaka 2008. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha lolote, kwa hiyo halazimiki kufunua utetezi wake mapema. Mzigo ni wa serikali. Hapo majaji waliigeukia Uingereza, kwenye kesi ya Judith Ward, aliyefungwa mwaka 1974 kwa bomu lililoua watu 12 ndani ya basi. Aliachiliwa mwaka 1992, baada ya kudhihirika kwamba wataalamu wa maabara ya serikali walikuwa wameficha matokeo ya vipimo. Kutokana na kesi hiyo, hata ushahidi ambao serikali haitautumia, lakini unaweza kumsaidia mshtakiwa, haufichwi. Serikali ikiona kuna siri ya kulinda, aamue jaji.

Cholmondeley mwenyewe alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2009, akafungwa miezi minane. Hasira ya watu haikupoa, lakini kanuni iliyothibitishwa katika kesi yake sasa ni ya kila mtu: Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inaitaja haki ya kuuona ushahidi mapema.

Mapema lini? Wanaharakati waliokamatwa Mei 2013, walipopeleka nguruwe mbele ya Bunge kupinga tamaa ya mishahara ya wabunge, walitaka wapewe ushahidi kabla ya kujibu mashtaka. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema si lazima; utolewe kadiri kesi inavyoendelea. Uamuzi huo unampa mpelelezi nafasi, lakini naona unamwacha pabaya asiye na wakili, kwa kuwa siku ya kujibu mashtaka anaweza kukiri kosa kabla hajaona ukurasa hata mmoja wa ushahidi.