Vigango: Wizi Uliofanyika Kenya Ikiwa Huru

Tangu Ufaransa ilipoirudishia Benin vitu 26 vya ufalme wa Abomey mwaka 2021, mjadala wa mali za kale za Afrika haujapoa, na lawama nyingi huwaangukia wakoloni. Lakini vigango vingi vya Wamijikenda wa Pwani ya Kenya havikuchukuliwa na wakoloni. Viling'olewa Kenya ikiwa huru, na mikono ya kwanza ilikuwa yetu wenyewe.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa cha duara na kiwiliwili kilichochongwa pembetatu. Husimikwa kumkumbuka marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kikishasimikwa hakiondolewi, hata familia ikihama.

Miaka ya 1970 matajiri wa Marekani walivipenda. Vijana waliving'oa kwa vijisenti, wauza vinyago wakavisafirisha, wanunuzi wakavitoa zawadi kwa makumbusho ya kwao.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa kijiji cha Chalani, Kilifi, akiwa na vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Haukupita muda vikaibwa. Mzee akamsihi mgeni wake amsaidie kuvitafuta, lakini alifariki bila kuviona tena. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika, mtafiti mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vigango vya makumbusho moja ya Illinois. Udvardy akakitambua kimoja papo hapo. Cha pili kilipatikana Hampton University, Virginia. Utafiti wao ulibaini vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Juni 2007 vyote viwili vilirejeshwa Chalani, familia ikavipokea kwa furaha. Bila ile picha ya 1985, nani angethibitisha umiliki?

Baadaye makumbusho ya Denver nayo yakakubali kurudisha vigango 30. Kila kimoja kilisimikwa kwa jina la mtu, lakini kwa vingi hakuna anayejua tena ni vya boma gani.

Sheria ya urithi ya mwaka 2006 tunayo, ila haiwezi kulinda kitu kisichoandikwa popote. Serikali za kaunti za Pwani na Makumbusho ya Taifa ziingie vijijini sasa, zipige picha kila kigango kilichosalia na kuandika jina la mwenyewe. Nawe unayeletewa kigango ununue, usikinunue. Hicho ni kumbukumbu ya marehemu wa watu.