Kwa nini Kisumu haikupata Derby

Derby ni mbio za farasi wa miaka mitatu, tangu Epsom, Uingereza, mwaka 1780. Sharti hilo la umri linasaidia kueleza kwa nini Derby ya Kenya ilipata makao Ngong, Nairobi, na si Kisumu. Kabla ya kuwalinganisha washindani, lazima pawepo mahali ambapo mwanafarasi huzaliwa na kuishi miaka mitatu akiwa mzima. Pwani ya Ziwa Viktoria, ulipo mji wa Kisumu, yenye joto, unyevu na vichaka, ilikuwa makao ya mbung'o waenezao nagana, ugonjwa wa mifugo, na visubi waenezao tauni ya farasi. Nyanda za juu, ilipo Nairobi, zina baridi, na wadudu hao hupungua.

Wapo watakaosema kikwazo kilikuwa fedha za walowezi, waliokaa mbali na ziwa. Ni kweli kwa sehemu, lakini maradhi nayo yalichangia kuamua wapi mifugo ya kizungu iwekwe. Wengine watauliza: mbona Wajaluo wa eneo hilo la ziwa walifuga ng'ombe? Zebu wa kienyeji huvumilia nagana kuliko farasi wa kigeni. Na reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ingeweza kuwaleta farasi, si kuwakuza.