Sam Ntiro: Mchoraji wa Mandhari ya Kilimanjaro

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Alisomea uchoraji katika Chuo cha Makerere, Uganda, kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyewasimulia wanafunzi tukio kwa maneno kisha kuwaacha wachore walichokiona akilini. Baadaye alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, lakini mtindo wake hakuubadili.

Tazama jinsi anavyojenga picha. Ardhi imesimama wima kama jamvi lililotundikwa ukutani: migomba, njia na vilima hupandiana hadi juu, na anga hupewa nafasi ndogo. Watu ni wadogo, nyuso zao hazina undani, kila mmoja na kazi yake. Vivuli vichache. Wapo waliomwona kama asiyejua kanuni za umbali. Lakini Slade walimfundisha kanuni hizo, naye akachagua njia yake.

Mjapani Hiroshige (1797–1858), bingwa wa picha za mandhari zilizochapwa kwa mbao, naye aliwajaza wapita njia na wachukuzi chini ya Mlima Fuji. Ntiro anakwenda mbali zaidi: kwake mlima bila watu wanaolima hauna habari.

Mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilipata picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, akawa balozi wa Tanganyika London. Ntiro alifariki mwaka 1993.