Walichanjwa ng'ombe, wakapona nyumbu

Juni 28, 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitangaza kuwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, imetokomezwa duniani. Virusi vyake vya mwisho vilipatikana Kenya, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, mwaka 2001. Ushindi huo ulikamilika nyumbani kwetu, lakini watoto wetu hawafundishwi habari zake.

Sotoka ilipoingia miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe wa Wamaasai, njaa ikafuata. Nyati na nyumbu nao walikufa kwa makundi. Wakoloni wakaamini wanyamapori ndio ghala la ugonjwa. Karibu na mwaka 1940, Tanganyika ilijenga uzio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika na kuwapiga risasi wanyama waliokuwa karibu nao.

Kesi hiyo dhidi ya wanyamapori ilivunjwa na chanjo ya Walter Plowright, iliyotengenezwa Muguga, nje ya Nairobi. Waliochanjwa kuzunguka Serengeti ni ng'ombe tu. Hakuna nyumbu aliyedungwa sindano, ila kufikia katikati ya miaka ya 1960 ugonjwa ulikuwa umewatoka. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walifika milioni 1.3.

Mwaka 1994 sotoka ikazuka tena, Tsavo nchini Kenya. Safari hii ng'ombe waliugua kidogo tu, mfugaji asishtuke, huku porini wanyama wakiangamia. Tandala wadogo walitokwa na usaha machoni, wakapofuka, wakawa wanatangatanga vichakani hawaoni maji wala simba. Nyati waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya nusu. Daktari Richard Kock na wenzake wa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) walithibitisha kuwa ni sotoka, wakati wengi walidhani Kenya imeshaachana nayo. Mwaka 1996 ikawapata pofu wa Hifadhi ya Nairobi, mlangoni mwa jiji.

Hapo mpango wa kuitokomeza sotoka ukabadilika. Ng'ombe waliendelea kuchanjwa, na damu ya nyati ikawa inapimwa ili kujua kama virusi bado vinazunguka. Mnyama aliyeshtakiwa sasa akawa shahidi wa serikali.

Leo ugonjwa wa jamaa yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, umeenea Kenya na Tanzania, na lengo la dunia ni kuumaliza ifikapo 2030. Chanjo ipo. Wachanjaji wa ng'ombe waliotembea boma kwa boma wakati wa sotoka wamezeeka, na wizara zetu zinapaswa kuwatafuta sasa, kabla mipango mipya haijaandikwa bila wao.