Kujifunza kwa Kutazamana

Wahenga walisema, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Tangu kale watu walifahamu ya kuwa mtoto hufuata matendo ya walio karibu naye. Lakini jambo hili lilichukua muda mrefu kuchunguzwa na wataalamu, na muda mrefu zaidi kufahamika vizuri katika vyumba vya madarasa. Yafaa tuitazame habari hiyo, kwa maana yahusu kila mwanafunzi anayeketi pamoja na wenzake.

Albert Bandura alizaliwa mwaka 1925 katika mji mdogo wa Mundare, nchini Kanada. Alipokua alikuwa mwalimu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Zamani hizo wataalamu wengi walishika ya kuwa mtu hujifunza kwa kutuzwa au kuadhibiwa yeye mwenyewe. Bandura hakuridhika na maelezo hayo. Mwaka 1961 yeye na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo 72. Watoto 24 walimwona mtu mzima akiipiga kwa nyundo na kuitukana sanamu kubwa iliyojazwa upepo. Wengine 24 walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na 24 waliosalia hawakuonyeshwa mtu yeyote. Hata walipoachwa na sanamu ile, waliomwona mpigaji waliyaiga mapigo yake kuliko wenzao, na baadhi yao walirudia hata maneno yake. Hakuna aliyekuwa amewafundisha, wala hakuna aliyewatuza.

Mwaka 1965 Bandura aliongeza jambo jingine. Watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa walimwiga kidogo tu. Lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha waliyoyaona, walijua yote sawasawa na wenzao. Basi ilidhihirika ya kuwa kujifunza ni jambo moja, na kutenda lile ulilojifunza ni jambo jingine. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, Bandura alieleza mambo manne yampasayo anayejifunza kwa mwenzake: atazame kwa makini, ahifadhi moyoni, aweze kulitenda jambo lenyewe, na awe na sababu ya kulitenda.

Sasa tuuendee mji wa Austin, katika jimbo la Texas, uliokuwa na shida kubwa. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua ya kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa ajili ya rangi zao ni kinyume cha sheria. Hata hivyo uamuzi huo ulichelewa kutimizwa mahali pengi. Mwaka 1971 watoto wa Kizungu, watoto weusi, na watoto wenye asili ya Meksiko walijikuta katika madarasa mamoja huko Austin. Wengi hawakuwa wamezoeana, na punde si punde kukazuka ugomvi na mapigano. Wakuu wa shule wakamwomba msaada Elliot Aronson, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Texas.

Aronson na wanafunzi wake waliingia madarasani wakatazama. Waliona mwalimu akisimama mbele na kuuliza swali, na watoto wachache wakinyosha mikono kwa pupa. Akichaguliwa mmoja, wengine walisikitika, akikosea, walifurahi. Kila siku watoto walikuwa wakitazama somo moja lisiloandikwa ubaoni: kushindwa kwa mwenzangu ni faida yangu.

Ndipo walipobuni mpango mpya. Darasa liligawanywa katika makundi madogo ya watoto watano au sita, wa rangi mbalimbali. Somo nalo likakatwa vipande, na kila mtoto akapewa kipande chake. Somo moja lilikuwa juu ya maisha ya Joseph Pulitzer, mwenye magazeti mashuhuri. Kila mtoto alipewa sehemu moja tu ya maisha hayo. Kwanza alikutana na watoto wa makundi mengine waliopewa kipande kama chake, wakasaidiana kukielewa. Kisha alirudi katika kundi lake akawafundisha wenzake. Baadaye wote walitahiniwa somo zima.

Katika kundi moja alikuwamo mvulana ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Zamu yake ilipofika alikwama, na wenzake wakaanza kumdhihaki kama walivyozoea. Msaidizi mmoja aliyekuwa akitazama aliwakumbusha ya kuwa dhihaka yao haitawapa habari za Pulitzer, na mtihani u karibu. Polepole watoto wale wakaacha kucheka wakaanza kumwuliza maswali mazuri. Naye alipoulizwa vizuri alieleza vizuri, wakaona ya kuwa ana akili kuliko walivyodhani.

Wapimaji walipolinganisha madarasa, waliona ya kuwa watoto wa makundi haya walipendana zaidi na kuipenda shule zaidi. Watoto weusi na wale wenye asili ya Meksiko walipata alama bora katika mitihani kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya zamani, na watoto wa Kizungu hawakupungukiwa na kitu.

Aronson alianza na ugomvi wa watoto, wala si na kitabu cha Bandura, ambacho kilikuwa hakijatoka. Lakini mambo yale manne twayaona hapa waziwazi. Kila mtoto alimtazama mwenzake kwa makini, kwa kuwa habari ile hakuweza kuipata kwingine. Aliihifadhi kwa ajili ya mtihani. Alipata nafasi ya kueleza yeye mwenyewe. Tena alikuwa na sababu ya kusikiliza kwa adabu, kwa maana aliona aulizaye vizuri akipata, na adhihakiye akikosa.

Basi, msomaji, kusogeza madawati pamoja hakutoshi. Kundi ambalo mmoja hufanya kazi na wengine hunakili nalo hufundisha, lakini hufundisha uvivu. Utakapoketi na wenzako kusoma, gawaneni kazi hata kila mmoja awe na jambo ambalo wengine wanalihitaji. Na azungumzapo aliye mzito wa kusema, msikilize na umwulize vizuri, kwa maana wenzako wanakutazama, nao watatenda kama utendavyo.